Mama Alisema Elfu Kumi na Mbili, Nami Nikaandika

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla sijafika mbali naomba uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, maana kila nikijaribu kuifupisha naona kipande ninachotaka kukiondoa ndicho hasa ninachokionea aibu.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, nina mke na watoto wawili, nafanya kazi halmashauri ya mji wetu, idara ya mipango, na kazi yangu ni kutafuta namna ya kulipia vitu vikubwa ambavyo mji hauwezi kuvinunua kwa mkupuo, kama barabara, dampo na sasa hivi majitaka, yaani nakaa na kikokotoo naangalia tutaumudu mkopo gani, kwa riba gani, kwa miaka mingapi, na nani atalipa. Ukurasa wako naujua kwa sababu ya mama yangu. Yeye ni fundi cherehani, na magazeti ya zamani huyakata kuwa violezo vya kola na mikono ya mashati, lakini ukurasa wako haukati mpaka ausome kwanza, na tangu nikiwa shule alikuwa akiusoma kwa sauti huku anacheka na kusema, "Huyu leo kapatikana." Leo nimepatikana mimi. Na nikuambie ukweli, nimethubutu kukuandikia kwa sababu siku hizi mama hawezi tena kuusoma, macho yamefifia, na hilo nalo ni sehemu ya aibu yangu kama utakavyoona mbele.

Mji wetu uko kwenye mteremko. Sisi wenye mishahara tunakaa juu, na chini kabisa, kando ya kijito, kuna mtaa wa nyumba mia nne na kitu, ndiko nilikozaliwa na ndiko mama yuko mpaka leo. Vyoo vya kule ni vya shimo, na mashimo yakijaa gari la kunyonya haliwezi kupita kwenye vile vichochoro, kwa hiyo watu wanangoja mvua kubwa, wanatoboa shimo, uchafu unakwenda na maji mpaka kijitoni, na kijito hicho hicho ndicho kinachomwagilia bustani za mboga tunazonunua sisi wa juu. Mvua zilizopita mjukuu wa Bwana Filimbi, mlinzi mstaafu anayepakana na mama, alilazwa siku kumi na moja kwa kuhara. Kwa hiyo mradi huu si mchezo, mabomba na mabwawa mawili ya kusafishia majitaka, na benki moja ya maendeleo ilikubali kutukopesha kwa miaka ishirini, ila kwa sharti kwamba mkopo ulipwe kwa ada ya kila mwezi ya wenye nyumba, na tuwaonyeshe dodoso la kuthibitisha kwamba wananchi wenyewe wamesema wanaiweza ada hiyo.

Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu kabla sijainuka kitini. Ili mkopo ulipike ilitakiwa elfu kumi na moja kwa nyumba, nyumba zote, za juu na za chini, ada moja, ndiyo usawa, niliandika hivyo kabisa kwenye andiko la mradi. Kilichobaki ni watu waseme.

Sasa dodoso lenyewe linataka uende nyumba kwa nyumba, ukae na mwenye nyumba faragha, umuulize kipato chake, anatumia nini kwa maji, kwa choo, kwa chakula, na mwisho kabisa ndiyo umuulize angeweza kulipa kiasi gani, bila wewe kumtajia namba. Mimi nilikusanya watu barazani kwa mama siku ya Jumamosi asubuhi. Nilijiambia ni kwa sababu muda haukutosha. Mama alikuwa amefagia tangu alfajiri, amevaa gauni lake la harusi za watu, ametandika kitambaa juu ya cherehani ili niandikie pale, na mtaa mzima ulipokuja wakakuta mtoto wa fundi kakaa na makaratasi ya serikali, na mama kasimama nyuma yangu mkono begani. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu sitini, "Ofisi inafikiria elfu kumi na moja kwa mwezi. Mama, wewe ndiye mkubwa hapa, tuanze na wewe. Unaiweza?"

Mama akanitazama, akawatazama wenzake, akasema, "Andika kumi na mbili."

Nikaandika. Baada ya hapo nani angesema tatu? Fundi viatu akasema na yeye kumi na mbili. Dada mmoja anayefua nguo za watu alisita, akaangalia chini, akasema, "Kumi na moja na nusu, lakini msinicheke," na watu wakacheka. Bwana Filimbi, ambaye pensheni yake huja mwezi huu ikaruka miwili, akajikaza kisabuni akasema, "Mimi kumi na tatu, nisipitwe na mwanamke." Ikawa kama mnada, mshauri, tofauti yake tu ni kwamba hapakuwa na kitu mezani. Wale ambao hawakuja niliwajaza mwenyewe ofisini kwa kufuata wenzao.

Na nilijua. Hili ndilo linaloniumiza. Mimi ndiye ninayemtumia mama pesa ya matumizi, najua mwezi mzuri, ule wa sare za shule, anapata elfu sabini, na mwezi mbaya hata thelathini hazifiki. Kipimo tunachofundishwa ni kwamba ada ya namna hii isizidi sehemu moja ya ishirini ya kipato cha mtu. Piga mwenyewe. Haifiki hata elfu nne, tena katika huo mwezi mzuri.

Nina jingine la kukiri, na hili sijamwambia hata mke wangu. Kulikuwa na njia nafuu. Benki ile ile ina fungu la ruzuku, pesa isiyorudishwa, kwa ajili ya kuunganisha nyumba za kipato cha chini, na ukiipata mkopo unapungua karibu theluthi moja. Fomu yake ina kurasa arobaini na inadai orodha ya kila nyumba, jina la mwenye nyumba na kipato chake, na orodha hiyo inabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri kwa siku kumi na nne ili mwenye pingamizi aseme. Mkuu wangu wa idara aliniuliza, "Hii ruzuku mbona hukuigusa?" Nikamwambia masharti yake ni magumu na mtaa haukidhi vigezo. Ukweli ni kwamba niliuona ule ubao. Uko mlangoni pale pale tunapopita wote kwenda kunywa chai. Nililiona jina la mama yangu limebandikwa pale chini ya maneno KIPATO CHA CHINI, na wenzangu wamesimama na vikombe wanasoma, nikaifunga ile fomu, nikairudisha kabatini.

Andiko lilipita. Madiwani walinipigia makofi. Mkuu wangu alisema, "Namba tamu hivi umezitoa wapi?" nikajibu zimetoka kwa wananchi wenyewe, na nimedokezwa kwamba baada ya mkataba kusainiwa nitakaimu ukuu wa idara.

Sasa, Jumapili mbili zilizopita nilimpelekea mama suruali yangu nyeusi anipunguzie urefu, maana ndiyo nitakayovaa siku ya kusaini. Jioni nikaichukua, nikaiangalia kwenye mwanga, nikakuta pindo limeshonwa kwa uzi wa kahawia. Mama yangu, mshauri, mwanamke aliyekuwa akitofautisha nyeusi tatu kwa kugusa. Nikamwuliza, "Mama, miwani vipi? Si ulisema fundi wa miwani anaimalizia?" Tangu mwaka jana alikuwa ananiambia hivyo, na mimi nilikuwa naamini kwa sababu kuamini kulinipunguzia safari. Mama akafungua kopo lake la vifungo, akatoa vibunda vinne vya noti, kila kimoja kimefungwa kwa uzi, akavipanga kwenye cherehani. Kila kibunda elfu kumi na mbili.

Nikamwambia, "Mama, ada haijaanza. Itaanza mabomba yakikamilika, labda miaka miwili."

Akasema, "Najua. Najizoeza. Nisije nikakuaibisha mwezi wa kwanza, na mimi ndiye niliyewatangulia wenzangu."

Ilikuwa pesa ya miwani, na ile ninayomtumia ya matumizi. Nilikaa pale nimeshika suruali, nikashindwa hata kumtazama usoni.

Mkataba unasainiwa tarehe ishirini na sita mwezi huu. Nilimweleza mke wangu habari ya kopo, akasema, na hakusema kwa ubaya, "Mlipie mama yako hiyo ada, uuchune, mambo yaishe." Nimefikiria hivyo, naweza kumlipia, haitanitoa jasho. Lakini nikinyamaza, wale wengine watakatiwa huduma au watakula mara moja kwa siku, na mji utabaki na deni la miaka ishirini. Na nikisema, itabidi nisimame mbele ya mkuu wangu na madiwani niseme namba zile ni za uongo, na uongo wenyewe ulianzia kwa mama yangu, kwamba mama yangu ni maskini na alijitutumua kwa ajili yangu, na huenda kazi ikaniponyoka, na huenda benki ikaondoka, watu wakabaki na kijito chao, na mtoto mwingine akalazwa. Kila nikipita kwenye ule ubao wa matangazo ninainamisha kichwa, na hauna hata karatasi. Nifanye nini? Tafadhali usitaje mji.

Ni mimi,
Mwenye Kalamu, mtaa wa juu

*

Mwenye Kalamu,

Barua yako imenifikia Jumatatu na nimeipandisha juu ya foleni, nikawaacha wake wenza wawili na bwana harusi mmoja wananingoja, kwa sababu siku zako ni za kuhesabu. Wanisamehe.

Kwanza pole. Sikupi pole ya kukupaka mafuta, nakupa kwa sababu nimekaa katika kiti hiki miaka mingi na najua mtu anayeandika kipande kile anachotaka kukiondoa hajaharibika kabisa. Sasa baada ya pole, kaa vizuri.

Unasema uongo ulianzia kwa mama yako. Hapana, bwana. Mama yako aliulizwa swali na mwanawe mwenye cheo, mbele ya watu sitini, akiwa amevaa gauni lake zuri, na namba akatajiwa mdomoni. Ulitaka ajibu nini? Angesema haiwezi, angekuwa amemvua nguo mtoto wake barazani kwake mwenyewe. Yeye alikulinda kwa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa pesa ya miwani. Uongo uliufungua wewe ulipotaja elfu kumi na moja, ukaujaza wewe ulipokaa ofisini kuwasemea watu ambao hukuwaona. Usimtwishe mama mzigo huu hata kwa bahati mbaya ya kalamu.

Halafu hilo la ubao. Nimelisoma mara tatu. Mama yako alitaja kumi na mbili ili usionekane mtoto wa maskini, na wewe ukaifungia ruzuku kabatini ili asionekane mama maskini, kila mmoja anamfichia mwenzake kitu ambacho mtaa mzima unakijua. Unadhani Bwana Filimbi hajui fundi jirani yake anapata nini? Unadhani mkuu wako anafikiri ulishuka kutoka mbinguni? Umaskini wa mama yako haukuwa siri hata siku moja. Aliyesomeshwa nao ni wewe, sare zako alizishona nani? Theluthi nzima ya mkopo, pesa ambayo haikuwa ya kurudishwa, umeiacha mezani kwa sababu uliogopa watu wenye vikombe vya chai. Uone haya hapo, na uone haya sawasawa, kisha uinuke tufanye kazi.

Mimi mambo yangu ni wakwe na mawifi, habari za mabomba nina mpaka wangu, kwa hiyo nilimpigia simu rafiki yangu aliyestaafu mamlaka ya maji ya mji mwingine, mwanamke aliyekaa na mabenki ya namna hiyo zaidi ya miaka ishirini. Nilimsomea barua yako bila kutaja lolote la kukutambulisha. Nilipofika kwenye mnada wenu wa barazani akasema, "Kila mji una baraza lake kama hilo, ila si kila mji una mtu anayeandika barua." Akanieleza mambo, nami nakupa kama alivyonipa.

Benki haikimbii mji unaokuja kabla ya kusaini kusema hesabu zetu zina kasoro, tunaomba muda. Inaukimbia mji ulioshindwa kulipa mwaka wa tatu. Kabla ya saini unaweza kubadilisha karibu kila kitu kwa barua moja na uso mkavu, na baada ya saini hata nukta moja utaililia. Kwa hiyo woga wako wa kwamba ukisema mradi unakufa, anasema, umeupindua, kwa sababu ukinyamaza ndipo unakufa, tena unakufa polepole mbele ya macho ya watu wanaoulipia.

Anasema pia si lazima mchimbe mabwawa mawili kwa pamoja. Anzeni na bwawa moja na bomba kuu linalopita huko chini kwenye maradhi, la pili lije mitaa ya juu itakapoungana. Ombeni mkopo urefushwe zaidi ya hiyo miaka ishirini, na malipo yaanze mwaka mmoja baada ya majitaka kupita bombani. Ile fomu ya kurasa arobaini itoe kabatini. Nilimwuliza kuhusu ubao, akacheka, akasema nusu ya wafadhili wanakubali namba ya nyumba badala ya jina ukiwaomba kwa barua. Uliwaomba? Hukuwaomba. Uliona kichwani kwako jina limebandikwa, ukakimbia karatasi ambayo haijaandikwa.

Na sasa nakuja kwenye jambo ambalo wewe hukulionea aibu hata kidogo, umelipitia kama mtu anayepita dukani. Nyumba zote ada moja, ndiyo usawa. Wewe wa mtaa wa juu, mwenye mshahara wako na wa mwenzako kama anao, una vyoo vingapi ndani? Hukuniambia. Umeniandikia kipato cha mama yako mpaka cha mwezi mbaya, ukaniandikia cha mlinzi mstaafu na cha dada wa kufua, chako hukukitaja popote, wala hukusema elfu kumi na moja ni sehemu ya ngapi ya mfuko wako. Mama yako na wewe mngelipa sawasawa, yeye akiwa na shimo moja na wewe ukiwa na maji yanayovutwa kila chumba. Rafiki yangu anasema mtu atozwe kwa maji anayotumia, wa juu na wenye hoteli na viwanda wabebe zaidi, wa chini walipe ile elfu tatu wanayoiweza na wailipe bila kuruka mwezi. Kule alikokuwa yeye walifanya hivyo. Wa juu walinung'unika mwaka mmoja, wakazoea.

Basi utafanya hivi, na usianze kuchagua. Ukimaliza kusoma hapa, uende kwa mama. Usimpigie simu. Umwombe msamaha kwa kumwuliza swali lile mbele za watu, kwa maneno hayo hayo, na usimwambie alikosea, kwa sababu hakukosea. Umwombe yeye mwenyewe awe wa kwanza kujibu upya, faragha, umeketi naye mmefunga mlango. Huyo akishajibu kweli, atawaambia wenzake, na utashangaa jinsi mtaa utakavyopumua, maana huenda kuna makopo mengine kule ambayo hukuonyeshwa. Kisha umwachie kalamu mwenzako wa ofisini, mtu asiye mtoto wa mtu pale, apite nyumba kwa nyumba. Wewe uso wako kule ni mzigo, kila atakayekuona atapandisha namba.

Ukitoka kwa mama uende kwa mkuu wako, asubuhi, kabla hajaanza vikao. Usiende mkono mtupu wala usiende kulia. Nenda na karatasi mbili, moja yenye hesabu mbaya na moja yenye hesabu mpya, na umwambie, "Namba tamu nilizokuletea nilizikusanya vibaya, na ruzuku niliiacha kwa sababu zangu binafsi. Hii hapa njia nafuu, tunaomba benki isogeze tarehe." Anaweza akakufokea. Anaweza akakunyang'anya ukaimu, na mimi sitakuahidi kwamba hatafanya hivyo. Akikunyang'anya, utabaki mtu mwenye kazi ndogo anayepita kwenye ubao wa matangazo kichwa juu. Nimewaona wa aina hiyo, hawafi.

Na wakikupeleka mbele ya madiwani, usisimame pale ukaanza kueleza kipato cha mama yako. Hilo si lako kulitangaza. Anza na chako. Sema unakaa wapi, una vyoo vingapi, unalipwa ngapi, na ile ada uliyojipangia ni sehemu ya ngapi ya mshahara wako. Wale wote mle ukumbini ni majirani zako wa juu, watainamisha vichwa wenyewe. Na hiyo suruali ivae hivyo hivyo, na uzi wake wa kahawia, usiipeleke kwa fundi mwingine.

Mkeo msalimie, hakukosea kukupenda, ila shauri lake linamwokoa mama mmoja katika nyumba mia nne. Hao wengine mtoto wao afisa yuko wapi?

Kuhusu lile kopo. Vile vibunda vinne usivifungue wewe, wala usimnunulie mama miwani kwa pesa yako ya haraka haraka ukajiona umemaliza. Mpeleke mwenyewe kwa fundi wa miwani, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe, na alipe yeye kwa mkono wake kutoka kopo lake, wewe ongezea kitakachopungua. Umesema umethubutu kuniandikia kwa sababu mama yako hawezi tena kuusoma ukurasa huu. Utunze, usiukunje. Siku miwani ikitoka, mpe ausome kwa sauti kama zamani, nawe ukae hapo hapo usikie, kisha umwachie aukate kola.